Kidole Kimoja Kati ya Kwa na Heri

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, kitambulisho kilikuwa kwenye sanduku, na ufunguo wa sanduku hakuna aliyejua ulipo. Watu wote walimwita Heri. Jina hilo hakupewa na mzazi; alijichumia mwenyewe kwa mdomo wake, maana mzee yule alikuwa hawezi kuanza kusema bila kulitanguliza. Mvua ikinyesha: "Heri inyeshe leo, kesho nina kazi ya nje." Jua likiwaka: "Heri jua, rangi itakauka." Siku aliyoanguka ngazini akavunjika mkono, alikaa chini akautazama ulivyopinda kama mpini wa kikombe, akasema, "Heri wa kushoto."

Kazi yake ilikuwa kuandika mabango. Kibanda chake kilikuwa ukingoni mwa barabara kubwa, mabati matatu na mlango mmoja, na juu ya mlango alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi: KWA HERI, FUNDI MABANGO. Mabasi yalipoanza kupita pale, makondakta walihitaji neno la kukiitia kituo, na neno lilikuwa limening'inia mbele ya macho yao, limewiva kama pilipili. Basi wakaita hivyo kwa miaka thelathini. Mgeni aliyesikia kondakta akipiga kelele "Kwa Heri! Kwa Heri!" alikuwa akijibu kwa adabu zake zote, "Haya, tutaonana," basi zima linaangua kicheko, naye anapitilizwa vituo viwili.

Binti yake ndiye aliyeupenda mzaha huo kupita kiasi. Alikuwa mtoto wa pekee. Mama yake alifariki kabla hajajifunza kufunga kamba za viatu, akakulia kati ya makopo ya rangi na harufu ya tapentaini. Mzee alimwita Mkato. Ukimuuliza kwa nini, alisema mtoto huyu hajui nukta. Kila ukidhani amemaliza kusema, anaweka mkato na kuendelea. Alipokuwa darasa la tatu, akitoka shule, alikuwa akisimama mlangoni mwa kibanda na kuwapungia mkono watu wanaoshuka kwenye basi. "Kwaheri! Kwaheri!" Watu ndiyo kwanza wanafika, yeye anawaaga. Baba yake juu ya ngazi, brashi mkononi, anacheka mpaka mstari unapinda, anaufuta, anaanza upya.

Lakini kwenye kazi mzee hakuwa na mzaha. Alimfundisha kupiga mstari kwa uzi wenye chaki, akamfundisha kuegemeza mkono juu ya fimbo ili usitetemeke, na juu ya yote akamfundisha nafasi.

"Kati ya neno na neno unaweka nini?"

"Siweki kitu, baba."

"Huweki kitu! Hivyo ndivyo wanavyosema hao wanaobandika herufi za stika. Unaweka kidole cha mwisho." Akakilaza kidole chake kidogo juu ya ubao, kati ya maneno mawili, kikatoshea kama kimezaliwa hapo. "Nafasi nayo ni herufi, mwanangu. Tena ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu huioni."

Mji ukakua. Ukaumuka kama unga uliosahaulika na hamira yake, ukamwagika nje ya sufuria. Mashamba yakawa viwanja, viwanja vikawa maghorofa, na barabara kubwa ikawa mahali pa kulala ukiwa umeketi. Ikaamuliwa treni ya mjini, iliyokuwa ikiishia stesheni kuu, isogezwe mbele vituo kumi na tisa. Na Mkato, ambaye kufikia hapo alikuwa na cheti chake na mdomo wake uleule, akapata ukarani katika ofisi ya upanuzi.

Kituo cha kumi na nne kilichorwa kwenye ramani. Kilikalia kibanda cha Heri chote, kisibakize hata bati.

Wapimaji walipokuja, kijana mmoja alichovya brashi akaandika namba ya kubomoa ubavuni mwa kibanda. Namba ikaenda upande, rangi ikachuruzika. Mzee alimtazama kwa huruma, akamnyang'anya brashi taratibu, akafuta, akaiandika upya ile namba: imesimama, imenyooka, ina kivuli.

"Mzee, unajua maana yake?" kijana akauliza.

"Najua. Kama unanibomolea, heri unibomolee kwa mwandiko mzuri."

Fidia alilipwa kama wenzake, wala hakuibishania. Nyumba yao ilikuwa nyuma, ndani ya kichochoro, haikuguswa. Alipofika sehemu ya fomu iliyoandikwa maoni, alimwambia binti yake aandike.

"Andika: kituo kiitwe Kwa Heri. Maneno mawili."

"Hilo tu, baba? Wenzako wanaomba vyoo vya umma, wanaomba ajira."

"Hilo tu. Kibanda kimenilisha, kikiondoka ni sawa. Lakini miaka thelathini watu wamekuwa wakishuka kwangu, Mkato. Heri kibanda kife, jina libaki."

"Basi umeshapata. Orodha ya majina ya vituo naiandika mimi kwa vidole vyangu hivi. Nani atanizuia?"

Wazee walisema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Mkato alikuwa amejiamshia balaa mwenyewe.

Kwanza yakaja ya macho. Kibanda kilipobomolewa, mzee alihamishia kazi uani, na siku moja mwenye duka la dawa alirudi na bango lake kwapani. Hakukasirika, hilo ndilo lililouma. "Mzee wangu," alisema, "umeniandikia Dukala Dawa. Watu wananiuliza Dukala ni nani." Mkato, aliyekuwa akianika nguo, alicheka. Alipogeuka akamwona baba yake ameinamia bango, anapapasa kwa kidole cha mwisho mahali palipostahili kuwa na nafasi, pua yake karibu iguse rangi. Kicheko kikamwishia mdomoni. Mzee alikuwa ameficha karibu mwaka mzima. Alikuwa akiandika kwa mazoea ya mkono, kama mtu anayepita nyumbani kwake taa ikiwa imezimika. Hakuchukua tena kazi ya mtu.

Likafuata la ofisini. Ilikuwa asubuhi, kabla ya chai. Meza ya pili aliketi mchora ramani, kijana mwenye miwani minene na kicheko chepesi, mtu ambaye ukimwambia "penseli" kwa sauti fulani anaanguka. Mkato alikuwa anaandika orodha ya vituo kwenye kompyuta. Alipofika kumi na nne, vidole vikamwasha.

"Wewe, hebu njoo usome hapa."

Mchora ramani akasogea. Akasoma: KWAHERI.

"Treni inafika," Mkato akasema kwa sauti ya vipaza sauti vya stesheni, "milango inafunguka, abiria unashuka na mizigo yako, na reli inakwambia: kwaheri. Hatuna haja na wewe tena."

Mchora ramani alivua miwani akafuta machozi. "Usifute! Ngoja nimwite yule dada wa masijala aje aone."

"Nenda mbio basi, nataka kuirudisha nafasi yake."

Hapo simu ikalia. Ilikuwa namba ya jirani. Mzee ametumbukia kwenye mtaro wa wajenzi wa reli, hakuuona, amepelekwa hospitali. Mkato alinyakua mkoba na kutoka, kiti kikabaki kinazunguka peke yake.

Mguu ulikuwa umeteguka tu. Lakini daktari alimulika macho ya mzee kwa tochi yake ndogo, akamulika tena, akavuta kiti. Presha ya macho. Ilikuwa imeshakula sehemu kubwa, na kilicholiwa hakirudi. Dawa zingechelewesha kilichobaki, pengine mwaka, pengine pungufu. Siku tatu Mkato alikaa kwenye benchi la wodi. Neno KWAHERI halikumjia akilini hata mara moja.

Liliporudi kichwani, lilirudi likiwa limeshatiwa saini. Orodha ilikuwa imechukuliwa kwenye kompyuta yake, imechapwa, imepanda juu, imeshuka, imekwenda kiwandani. Akamfuata mkuu wa kitengo, bwana mmoja aliyekuwa na simu mbili na muda wa nusu simu.

"Mkuu, namba kumi na nne imekosewa. Ni maneno mawili."

"Yanasomekaje?"

"Kwa Heri."

"Na hayo yaliyokwenda yanasomekaje?"

"Kwaheri."

"Sasa mdogo wangu, mbona nimesikia kitu kimoja?"

"Tofauti iko kwenye nafasi."

"Nafasi!" Mkuu akaweka simu zote mbili mezani. "Kituo cha tisa hakina paa, cha kumi na moja kina paa hakina ngazi, wewe unaniletea nafasi. Andika barua, itafika zamu yake."

Aliandika. Akaandika kwamba "kosa limejitokeza katika orodha", kana kwamba kosa lina miguu, lilipita njia likaona mlango wazi likaingia. Mchora ramani alimtazama akiikunja ile barua, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Umwambie mzee," akasema.

"Nitamwambia barua ikijibiwa."

Barua haikujibiwa. Akaandika ya pili, na ya tatu. Nyumbani, kila jioni, mzee aliuliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anauliza: "Heri nisisumbue, lakini kile kituo kinaendeleaje?" Na Mkato, mwenye mdomo wa kuuza maji mtoni, alijibu, "Kinaendelea, baba." Akaweka nukta. Mzee aligeuza kichwa kidogo, kama aliyesikia mlango usiolia ukilia.

Siku ya treni ya kwanza mzee alivaa shati lake jeupe, akanyoa, akajikata kidogo kidevuni. Kufikia hapo alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Walipanda stesheni kuu ili, kwa maneno yake, afike kwake kama abiria. Behewa lilinukia plastiki mpya. Vituo vikapita kimoja baada ya kingine, naye anavihesabu kwa vidole juu ya goti. Baada ya kumi na tatu, mwanamke wa kwenye kipaza sauti akasema, kwa upole kama anayembembeleza mtoto:

"Kituo kinachofuata: Kwaheri."

Behewa zima likacheka. "Tumefukuzwa kabla ya kushuka!" mtu akapaza sauti. "Haya, tutaonana!" akajibu mwingine.

Na mzee alicheka kuliko wote. Alimshika binti yake mkono. "Unasikia? Mzaha uleule. Miaka thelathini!" Sikioni, nafasi haisikiki. Mkato alijiambia: Mungu amenisitiri. Hataona.

Alisahau baba yake alikuwa nani.

Jukwaani watu walipopungua, mzee akasema, "Nipeleke kwenye bango."

"Liko juu sana, baba."

"Hakuna la ukutani? Stesheni zote zina la ukutani."

Lilikuwepo. Herufi za chuma, zimeinuliwa, usawa wa kifua, kila moja kubwa kama kiganja. Mkato alimpeleka, maana hakuna uongo mwingine uliomjia. Mzee alifuta mikono kwenye suruali, kama alivyofanya kila mara kabla ya kushika kazi. Akaanza kwenye K. Akapanda mgongo wake, akashuka mguu. "Chuma kizuri." W. Akatikisa kichwa, ameridhika. A. Kisha akanyoosha kidole cha mwisho, akakisogeza kulia kwa A, akitafuta mahali pa kukilaza.

Kidole kikagonga H.

Akarudi nyuma. Akapapasa A tena, akaja mbele polepole. H. Akafanya hivyo mara tatu. Treni nyingine ikaingia, ikawashusha watu, ikawaambia neno lake, ikaondoka. Mzee bado amesimama, mkono ukutani. Binti yake kando yake alikuwa akiangalia lile jeraha dogo la wembe kidevuni, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuangalia.

"Aliyeandika hili," mzee akasema mwishowe, "naye macho yanamwisha."

Akaushusha mkono kutoka ukutani.

"Maskini. Waambie huko ofisini wasimfukuze kazi."

Wakaenda nyumbani kwa mguu, dakika tano. Na kuanzia siku ile jambo moja likatoweka katika nyumba, dogo kiasi kwamba Mkato alichukua juma zima kujua ni nini. Mvua ikanyesha, mzee akasema, "Inanyesha." Jua likawaka, akasema, "Kuna joto." Chai ikapoa, akainywa ilivyo. Hakutanguliza tena lile neno lake. Ni kama fundi aliyefunga duka akashusha bango.

Kifua nacho kikaamka, kile alichokijaza tapentaini ujana wake wote. Akawa mtu wa kitandani. Mkato aliomba ruhusa kazini, akaketi ukingoni mwa godoro mchana kutwa, akimsomea matangazo ya magazeti kwa sauti za kuchekesha. Mzee alitabasamu kwa heshima tu, kama mgeni.

Siku moja, saa nne asubuhi, jua likiwa limeingia hadi miguuni mwa kitanda, akalikunja gazeti.

"Baba, lile bango."

"Mm."

"Si macho ya mtu. Ni mimi. Nilikuwa nafanya mzaha, nilitaka kumchekesha mwenzangu, nikaliunganisha, simu ikalia ukiwa mtaroni, na niliporudi…" Kwa mara ya kwanza maishani alikosa cha kuweka baada ya mkato.

Mzee alikohoa, akangoja kifua kitulie.

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Pale pale ukutani. Nani mwingine? Nilimwona mtoto wa darasa la tatu mlangoni kwangu, soksi moja chini, anawapungia watu. Mzaha ule una mwenyewe, Mkato. Niliujua kama ninavyoujua mwandiko."

"Sasa kwa nini ukasema macho?"

"Nilikuwa nakufungulia mlango. Nikadhani utatoka mwenyewe." Akapapasa blanketi mpaka akaupata mkono wake. "Ukakaa ndani wiki sita. Hilo ndilo lililoniuma. Bango ni chuma tu."

Mkato alilia kama alivyolia mara ya mwisho akiwa na soksi moja chini. Mzee alimwacha amalize.

"Heri," akasema, na Mkato aliposikia neno lile akainua uso, "heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe umejikwaa vyote viwili kwa mpigo. Kazi unayo."

Akacheka, wakacheka wote wawili, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kwisha.

"Nitalirekebisha, baba. Nakuapia."

"Usiape. Ofisi haziapiwi. Wewe ukiwa unalisema tu, liwekee nafasi yake."

Jibu la barua lilikuja juma lililofuata, barua moja kwa barua zote tatu. Ofisi ilimshukuru kwa maoni yake, na ikamjulisha kwamba suala la jina la kituo namba kumi na nne litazingatiwa katika awamu ijayo ya upanuzi. Aliisoma amesimama mlangoni. Akaingia nayo chumbani kumsomea baba yake, kwa ile sauti ya vipaza sauti vya stesheni, maana alijua hiyo ingemchekesha. Alifika mpaka "tunakushukuru kwa maoni yako". Hapo ndipo alipoona kwamba blanketi halipandi wala halishuki, na kwamba mkono wa mzee umelala kifuani, kidole cha mwisho kimetengana kidogo na vingine.

Kesho yake asubuhi nyumba ilijaa viti vya kuazima. Mchora ramani alikuja mapema, akapewa kazi ya kuelekeza watu kutoka stesheni, akaifanya bila kunyanyua uso. Mwenye duka la dawa alifika na lile bango la Dukala kwapani. Alisema hakulitupa, na hakujua kwa nini amelileta. Akaliegemeza ukutani, akaketi chini yake.

Simu ya Mkato ikalia. Alikuwa shangazi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa akitoka mji wa mbali na hajawahi kuiona reli mpya.

"Mwanangu, nimefika stesheni kuu. Pole, mama, pole. Sasa nimeambiwa nipande hii treni. Nishuke wapi?"

Mkato alitoka nje, uani. Pale palikuwa bado na makopo ya rangi, yamepangwa kwa ukubwa, na fimbo ya kuegemezea mkono imesimama pembeni. Kwa mbali alisikia treni ikiingia kituoni, milango ikifunguka, na yule mwanamke wa upole akiwaambia watu neno lake, moja, bila pengo.

"Shangazi, utashuka Kwa…"

Akakilaza kidole chake cha mwisho juu ya kifuniko cha kopo, akangoja upana wake upite wote.

"Haloo? Mama, umekatika? Haloo?"

"Sijakatika, shangazi," Mkato akasema. "Hiyo ni nafasi. …Heri. Utashuka Kwa Heri."